Gari Dogo Katika Jiji la Vilima: Kununua na Kutunza Vitz Mjini Kampala

Toyota Vitz na magari ya ukubwa wake ndiyo yaliyowaingiza wakazi wengi wa Kampala katika umiliki wa gari. Ni gari fupi la milango mitano, lisilo na buti la kujitokeza nyuma. Mlango wa tano hunyanyuka pamoja na kioo chake, na viti vya nyuma vikilazwa, gunia la mkaa, mikungu ya matoke au godoro huingia bila taabu. Jamaa zake ni Toyota Passo, Toyota IST, Nissan March, Mazda Demio, Honda Fit na Suzuki Swift, na mzee wao hapa mjini ni Toyota Starlet. Wanaoyanunua ni walimu, wauguzi, makarani wa benki, wenye maduka ya nguo katikati ya jiji, na vijana waliochoka kunyeshewa juu ya boda boda. Kwa wengi wao ni gari la kwanza maishani. Kosa katika ununuzi wake hulipwa kwa fedha za karo au za kiwanja, kwa hiyo uzoefu wa waliotangulia una faida kubwa kwa anayefuata.

Vitz ilianza kuuzwa Japani Januari 1999, ikichukua nafasi ya Starlet iliyokuwa ikitengenezwa tangu 1973. Umbo lake la kwanza lilichorwa na Mgiriki, Sotiris Kovos, na katika nchi nyingi nje ya Japani gari hilo lilipewa jina la Yaris, ambalo lilishinda tuzo ya gari bora la mwaka 2000 barani Ulaya. Kizazi cha pili kilitoka mwaka 2005 na cha tatu mwaka 2010. Mwaka 2020 jina la Vitz liliachwa hata Japani kwenyewe, na warithi wake huko sasa huitwa Yaris. Barabarani Kampala jina la zamani halijatikisika.

Karibu Vitz zote zilizopo Uganda ziliingia zikiwa zimekwisha kutumika. Japani gari jipya hukaguliwa na serikali baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na ukaguzi huo una gharama. Gari likishapita miaka kadhaa, mwenyewe huona heri aliuze, nalo hupelekwa mnadani likiwa bado na afya. Kutoka mnadani huchukuliwa na kampuni za kuuza nje kama BE FORWARD na SBT, hupakiwa melini, hushushwa Mombasa au Dar es Salaam, kisha huja Kampala kwa barabara kupitia Malaba, Busia au Mutukula. Usukani uko kulia, kama sheria ya Uganda inavyotaka, kwa sababu Japani nako magari hupita kushoto.

Sheria ya usalama barabarani iliyorekebishwa mwaka 2018 inakataza kuingiza nchini gari lililofikisha umri wa miaka 15 tangu kutengenezwa. Matokeo yake hayatajwi sana, lakini ni rahisi kuyapiga hesabu. Vitz ya mwaka 2005 haikuweza tena kuvuka mpaka kuanzia mwaka 2020, na ya mwaka 2010 ilifungiwa mlango mwaka 2025. Anayeitaka Vitz ya kizazi cha kwanza, ile ndogo yenye taa za mviringo, hana budi kuinunua kwa mtu aliyekwisha kuitumia hapa hapa. Kenya inakubali magari yasiyozidi miaka 8 tu, na kwa hiyo gari la miaka 10 au 12 linaloshuka Mombasa hupita Kenya likiwa safarini tu kwenda nchi za mbele, Uganda ikiwemo.

Kodi ndiyo inayomshangaza mnunuzi mgeni. Anaona gari kwenye skrini ya simu likiuzwa dola elfu moja na kitu, anaanza kushangilia, na hajui kuwa hesabu haijaanza. Thamani ya gari hujumlishwa na bima na nauli ya meli, kisha jumla hiyo hutozwa ushuru wa forodha. Juu yake huja kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, kodi ya zuio ya asilimia 6, na kwa magari yenye umri mkubwa ushuru wa mazingira unaofikia nusu ya thamani ile. Mamlaka ya Mapato ya Uganda haifungwi na bei iliyoandikwa kwenye risiti ya muuzaji. Ina orodha yake ya thamani za magari kwa aina na mwaka. Kwa gari dogo na zee, jumla ya kodi inaweza kukaribia bei ya gari lenyewe au kuipita. Ushuru wa mazingira una sababu nzuri, kwani moshi wa Kampala unaonekana kwa macho. Ila mzigo wake humwelemea zaidi mwenye kipato cha chini, maana tajiri hununua gari changa lisilotozwa.

Kuna njia tatu za kulipata gari. Ya kwanza ni kuagiza mwenyewe kwa mtandao na kusubiri miezi miwili hivi, huku wakala wa forodha akishughulikia karatasi. Ya pili ni kwenda bondi, yaani ghala la magari ambayo kodi yake haijalipwa, kama zile zilizopangana kuelekea Nakawa. Huko mnunuzi huliona gari, huligusa, na baadhi ya wauzaji hukubali malipo ya awali na salio la miezi kadhaa, kitabu cha gari kikibaki mikononi mwao. Ya tatu ni kununua kwa mtu, gari likiwa tayari na namba ya Uganda. Njia hii ina bei nafuu kuliko zote na ndiyo yenye mitego mingi.

Mtego wa kwanza ni mita ya kilomita. Gari la miaka 12 linaloonyesha kilomita 60,000 linaweza kuwa la kweli, kwa sababu wakazi wengi wa miji ya Japani hutumia treni na huendesha kidogo. Linaweza pia kuwa limerudishwa nyuma njiani. Karatasi ya mnada ndiyo shahidi mwema: huandikwa kilomita, alama ya hali ya gari, na mchoro wa kila mkwaruzo na kila kipande kilichobadilishwa. Alama ya 4 ni gari zuri. Herufi R ina maana kwamba gari lilipata ajali na kutengenezwa. Wauzaji waaminifu huitoa karatasi hiyo bila kuombwa mara mbili. Magari yaliyotumika hukaguliwa pia kabla ya kupakiwa melini kwa utaratibu wa Shirika la Viwango la Uganda, na cheti cha ukaguzi huo huandikwa kilomita zilizosomwa. Anayeuziwa gari na mtu aombe kukiona, alinganishe na mita.

Bila karatasi, gari lenyewe husema. Usukani uliong'aa kwa kushikwa, pedali ya breki iliyolika upande mmoja na kiti cha dereva kilichobonyea haviendani na kilomita 60,000. Tarakimu nne zilizogongwa ubavuni mwa tairi, zinazoonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa, hueleza kama tairi zimebadilishwa na lini. Gari lisikilizwe asubuhi, injini ikiwashwa kwa mara ya kwanza siku hiyo, maana injini iliyokwisha kupashwa moto huficha mlio wa cheni na moshi wa buluu. Fundi wa kulikagua awe wa mnunuzi. Fundi aliyeletwa na dalali anamtumikia aliyemleta, na katika jambo hili hakuna haja ya kuoneana haya.

Jambo jingine la kuuliza ni kazi ya gari. Tangu Uber ilipoanza Kampala mwaka 2016, na wenzake wakafuata, vigari vingi hivi vimepita katika kubeba abiria kwa programu za simu, mbali na teksi za kukodi za kawaida, ziitwazo speshali. Gari la kazi hiyo hutembea kutwa na sehemu ya usiku, tena kwenye foleni, na madereva hulipokezana. Halikatazwi kununuliwa, lakini bei yake lazima iseme ukweli huo.

Mwenye gari lililotoka Japani karibuni hukutana na jambo dogo siku ya kwanza: redio. Masafa ya FM ya Japani huanzia megahezi 76 na kwenye redio nyingi za magari huishia 90, wakati ya Uganda ni 88 hadi 108. Redio ya asili itaipata CBS kwenye 88.8 na 89.2, lakini haiifikii Capital kwenye 91.3 wala Simba kwenye 97.3. Dawa yake ni kifaa kidogo kinachofungwa kwenye waya wa antena na kuyashusha masafa, au redio mpya kabisa. Maandishi ya Kijapani kwenye skrini ya ramani nayo hayabadiliki kwa urahisi, na wengi huing'oa skrini hiyo.

Injini ndogo ya lita 1 ina nguvu ya farasi 70 hivi. Kampala iko kiasi cha mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo hupoteza zaidi kidogo ya sehemu moja ya kumi ya nguvu hizo. Mlima wa Muyenga, Naguru au Mbuya, gari likiwa na watu wanne ndani na kiyoyozi kikiwaka, huionyesha hasara hiyo waziwazi. Ndiyo maana wamiliki wenye uzoefu hupendelea injini ya lita 1.3 pale bajeti inaporuhusu. Mafuta inayoongeza kunywa ni kidogo, na katika kupanda mara nyingi tofauti hiyo hupotea, kwa sababu injini ndogo hulazimika kukanyagwa hadi mwisho. Kwa anayekaa Ntinda na kufanya kazi Lugogo, lita 1 inamtosha kabisa. Anayekwenda Mbarara au Fort Portal kila Krismasi, gari likiwa limejaa, atamani ile ya 1.3.

Injini ya lita 1 ya kizazi cha pili ina silinda 3, na hutetemeka kidogo gari likisimama kwenye taa. Wengi wamebadilisha vishikizo vya injini kwa hofu ya mtetemo ambao ni wa kuzaliwa. Vitz zote hutumia cheni ya taimingi, wakati Starlet ilitumia mkanda wa mpira wa kubadilishwa kwa ratiba. Cheni hudumu sana, kwa sharti moja: oili iwe safi na ya uzito unaotakiwa. Hapa ndipo desturi za gereji za Kampala huiumiza injini. Kiwanda hutaka oili nyepesi kama 5W-30, nayo gereji humimina 20W-50, nzito na ya bei ndogo, na mara nyingine huichagua makusudi ili kuficha kwamba injini inakula oili. Oili nzito huchelewa kufika kwenye cheni asubuhi, na cheni huanza kulia.

Desturi ya pili ni kujaza rejeta maji ya bomba. Maji hayo huleta kutu ndani ya injini ya alumini na kuziba mirija myembamba ya rejeta. Gari likianza kuchemsha kwenye foleni ya Kibuye, fundi huondoa thamostati na kumwambia mwenyewe kuwa tatizo limekwisha. Kuanzia hapo injini hufanya kazi ikiwa baridi kupita kiasi, hula mafuta zaidi na huchakaa mapema, huku kiini cha tatizo, yaani rejeta iliyoziba au feni iliyochoka, kikibaki palepale. Maji maalumu ya rejeta na thamostati mpya ni gharama ndogo sana mbele ya injini.

Jambo zito kuliko yote ni gia. Vitz nyingi za kuanzia mwaka 2005 zina gia ya otomatiki isiyo na hatua, inayojulikana kwa herufi CVT. Ndani yake mna mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili zinazopanuka na kusinyaa. Mkanda huo hutegemea oili yake maalumu ili usiteleze. Fundi asiyejua, au anayejua na kutaka kubana pesa, humimina oili ya otomatiki ya kawaida, ile nyekundu. Puli huteleza, chuma husagana na chuma, na baada ya muda gari hutetemeka linapoondoka, hulia kama king'ora au hukataa kupanda. Gia ikifika hapo haitengenezwi mara nyingi. Hununuliwa nyingine iliyotumika. Mwenye busara hununua oili ya CVT mwenyewe, aione ikifunguliwa, na asimame pale fundi anapoimimina. Anayeogopa yote haya anaweza kutafuta Vitz ya gia za mkono, ingawa ni chache na hugombaniwa.

Kisha kuna barabara. Wamiliki wengi wa vigari hivi hawaishi kwenye lami. Wanaishi Kira, Najjera, Nansana, Gayaza na Namugongo, na kati ya geti lao na barabara kuu pana kipande cha udongo mwekundu chenye mifereji iliyochimbwa na mvua. Tumbo la Vitz liko sentimita 15 tu, au chini ya hapo, kutoka ardhini. Kipande hicho cha kilomita moja au mbili ndicho kinachoamua gharama za mwaka kuliko kilomita zote za lami. Bushi za mikono ya mbele, bol jointi, linki za stabilaiza na vichwa vya shokomzoba huchoka kimoja kimoja, na kila kimoja kina mlio wake. Bandu bandu huisha gogo: mwenye kubadilisha bushi leo hulipa kidogo, na anayengoja hadi usukani uvute upande mmoja hulipia tairi pia.

Lami yenyewe haina salama yake. Mashimo ya Kampala yaliwahi kuwa habari ya taifa zima. Aprili 2023 mchora katuni na mhadhiri Jimmy Spire Ssentongo aliwaalika wananchi kuweka mitandaoni picha za mashimo ya mitaa yao, na picha zilimiminika hata Rais Yoweri Museveni akaagiza zitolewe shilingi bilioni 6 kuyaziba. Mwenye gari kubwa la magurudumu mapana alilitazama jambo hilo kama aibu ya jiji. Mwenye Vitz, ambayo tairi zake ni nyembamba na rimu zake ni za inchi 13 au 14, alikuwa analilipia kila mwezi gereji. Barabara mbovu ni kodi isiyoandikwa, tena humtoza zaidi mwenye gari dogo.

Mvua za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Novemba huleta hatari nyingine. Mfereji wa Nakivubo ukifurika, maji hutanda karibu na Clock Tower. Bwaise nako hujaa haraka. Vitz huvuta hewa ya injini kutoka mbele, karibu na rejeta, mahali ambapo si juu sana. Maji yakiingia humo yakafika ndani ya silinda, pistoni hujaribu kuyabana, nayo hayabaniki; fimbo ya pistoni hupinda, na injini imekwisha. Kanuni ya madereva wa jiji ni kutazama tairi za gari lililotangulia: maji yakifika katikati ya tairi, dereva husubiri. Injini ikizimika ndani ya maji, isiwashwe tena. Gari lisukumwe hadi pakavu, na plagi zifunguliwe kwanza. Wakati wa kiangazi adui hugeuka kuwa vumbi jekundu, ambalo huziba chujio la hewa muda mrefu kabla ya kilomita zilizoandikwa kitabuni.

Mafuta ndiyo sababu ya watu kununua gari hili, nalo haliwaangushi. Kwenye barabara ya wazi kuelekea Masaka au Jinja, Vitz yenye afya huenda kilomita 16 hadi 18 kwa lita. Kwenye foleni ya asubuhi hushuka hadi 11 au 12. Mukono iko kilomita 21 hivi kutoka katikati ya jiji. Kwenda na kurudi ni lita 4 au pungufu kidogo kwa siku. Petroli ikiwa shilingi 5,000 kwa lita, hiyo ni 20,000 kila siku ya kazi, na kwa mtu mmoja matatu bado ni nafuu. Majirani wawili au watatu wakichangia, hesabu hugeuka. Hesabu hiyo pia hutikiswa na yanayotokea mpakani, kama Januari 2022, madereva wa malori walipogoma Malaba kwa ajili ya vipimo vya Korona na bei ya petroli ikaruka ndani ya siku chache.

Faida kubwa ya Vitz juu ya gari la Ulaya la ukubwa uleule ni spea. Soko la Kisekka, katikati ya jiji, lina kila kitu chake, kuanzia kitufe cha dirisha hadi injini nzima, na Ndeeba haikosi mafundi waliolifungua gari hili mara zisizohesabika. Spea huja za namna tatu: halisi za kiwandani, za kuiga, na zilizong'olewa kutoka magari ya Japani. Kwa taa, milango, bampa na gia, zilizong'olewa mara nyingi zinashinda za kuiga. Kwa breki, bushi na bol jointi, inunuliwe mpya, maana humo ndimo yalimo maisha ya watu. Mnunuzi asiyejua kutofautisha apeleke spea ya zamani dukani, ailinganishe uzito, maandishi na umaliziaji.

Taa na vioo vya pembeni huibwa kwenye foleni na kwenye maegesho, tena kwa upesi wa ajabu. Kinga ya kawaida ni kuchora namba ya gari kwenye kila kioo na kila taa, kazi inayofanywa na vijana wa mitaani kwa dakika chache, na kufunga milango yote kabla ya kuingia mjini. Bima ya wahusika wengine ni ya lazima kisheria. Haimlipi mwenye gari hata senti kwa kioo chake, na anayekaa mtaa wenye wizi mwingi afikirie bima kubwa.

Vitz huuzwa haraka kuliko magari mengi, na bei yake haishuki kwa kasi. Ndiyo maana wengi huitumia miaka mitatu au minne kisha huipokeza kwa mwingine. Wauzaji wengi hupokea fedha, hutia saini karatasi ya makubaliano na kuachia funguo, jina lao likibaki kwenye daftari la serikali la magari. Gari hilo likigonga mtu au likitumika katika uhalifu, polisi humtafuta mwenye jina. Uhamisho wa umiliki ufanywe na pande zote mbili siku ileile ya malipo, na nakala ya kitambulisho cha mnunuzi pamoja na risiti ya ada zibaki kwa muuzaji. Mnunuzi naye athibitishe kwanza kuwa kitabu si cha bandia na hakijawekwa rehani kwa mkopeshaji, kwa kulinganisha namba ya chesisi na namba ya injini na zile zilizogongwa kwenye chuma.